Maswali ya Kumuuliza Mpiga Picha wa Harusi Kabla ya Kumpa Arbuni

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baadu.

Ndugu zetu Waislamu, wanaume kwa wanawake: miezi ya harusi katika miji yetu ya pwani yajulikana. Ni Shaaban kabla ya kuandama Ramadhani, na Mfungo Mosi baada yake, na likizo ya skuli ya mwisho wa mwaka. Miezi hiyo ikikaribia, kila nyumba yenye harusi hushughulika. Wazee huenda kuuliza ukumbi, na mpishi wa biriani, na mpambaji, na wakauliza kwa uangalifu mkubwa. Mpishi huulizwa mchele wake ni wa namna gani, na sufuria moja yalisha watu wangapi, na mbuzi atachinjwa na nani. Lakini akifika mpiga picha, huulizwa maswali mawili tu: "Wataka kiasi gani?" na "Picha zitakuwa tayari lini?" Kisha hupewa arbuni yake, naye akaenda zake.

Ajabu ya jambo hili ni kuwa biriani huliwa ikaisha siku ile ile, na ukumbi hufungwa usiku ule ule. Picha ndiyo ibakiayo. Itakuwako bibi harusi akiwa ni mama wa watoto, na huenda ikawako hata baada ya kufa kwake. Basi imekuwaje kitu kitakachodumu kuliko vyote katika harusi kiwe ndicho kilichoulizwa kidogo kuliko vyote? Somo letu la leo ni juu ya hayo.

Hukumu ya picha yenyewe

Hatukusudii katika somo hili kurefusha maneno juu ya hukumu ya picha za kamera, kwani wanavyuoni wamekwisha khitalifiana. Sheikh Muhammad Bakhit Al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri na kufariki mwaka 1935, aliandika risala akaeleza kuwa picha ya kamera si uchongaji wala si uumbaji, bali ni kukizuia kivuli cha kitu kilichokwisha kuumbwa na Mwenyezi Mungu. Sheikh Yusuf Al-Qaradawi alishika njia iliyo karibu na hiyo katika kitabu chake kiitwacho Al-Halal wal-Haram fil-Islam, kilichotoka mwaka 1960, akafunga sharti ya kuwa kilicho ndani ya picha kiwe ni halali. Na wako wanavyuoni wakubwa, kama Sheikh Abdulaziz bin Baz aliyefariki mwaka 1999, walioikataa ila penye dharura.

Mwenye kufuata kauli ya kukataza, njia yake ni nyepesi: asimwajiri mpiga picha, na harusi yake haitapungukiwa na nguzo wala na sharti. Sisi twasema na yule aliyefuata kauli ya kuruhusu. Huyo asidhani kuwa akisharuhusiwa kupiga picha amekwisha kuruhusiwa kila kitakachofuata. Kuruhusiwa kujenga nyumba si kuruhusiwa kufungua dirisha juu ya ua wa jirani.

Picha hii ni amana ya nani?

Katika harusi zetu, sehemu kubwa ya furaha iko kwa wanawake. Siku ya kupamba, mlango hufungwa, na wanawake wakavua mabuibui na mitandio, wakaonekana kwa nguo zao, na dhahabu zao, na nywele zao, na hina zao. Hili si kosa; Uislamu haukuizuia furaha ya harusi. Wanavua kwa kuwa waliangalia mlango wakauona umefungwa, wakaangalia upande huu na huu wasione ila wanawake wenzao.

Mtume, rehema na amani zimshukie, amefundisha katika Hadithi waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, kuwa mtu akimwambia mwenziwe neno, kisha akageuka kutazama kama yuko mwingine asikiaye, basi neno lile limekuwa ni amana. Hakumwambia "fanya siri". Kule kugeuka kwake kunatosha. Basi tumpime kwa kipimo hiki mwanamke aliyeangalia mlango kabla ya kuvua buibui lake. Je, huyu hakusema kwa kitendo chake kuwa sura yake ni amana ya waliomo ndani ya mlango ule? Na kamera ikiichukua sura ile, ikaitoa nje ya mlango, ikaitia katika simu ya mtu asiyemjua, nani aliyeivunja amana?

Wengi watasema: mpiga picha. Nasi twasema: mpiga picha ana sehemu yake, lakini wa kwanza ni mwenye harusi. Yeye ndiye aliyewaalika wageni, na yeye ndiye aliyeuonyesha mlango kuwa umefungwa, na yeye ndiye aliyemwingiza mwenye kamera. Bibi harusi aweza kuridhia sura yake mwenyewe, lakini hawezi kuridhia kwa niaba ya shangazi yake, wala jirani yake, wala mke wa mtu aliyekuja kumpa mkono wa heri. Hao hawakuulizwa na mtu. Kwa ajili ya hao imetupasa sisi tuulize.

Kwanza ulizaneni nyumbani

Kabla ya kwenda kwa mpiga picha, ulizaneni wenyewe, wazazi na maarusi pamoja. Mwataka picha za nini? Za kuwekwa nyumbani? Za kupelekewa jamaa walioko Maskati, Dubai au London wasioweza kufika? Au za kuonyesha watu ili isemwe kuwa harusi ya fulani ilikuwa hivi na hivi? Swali hili la mwisho ni chungu, lakini lazima liulizwe, kwani humo ndimo hutoka fedha nyingi. Sura ya Al-Israa imekemea ubadhirifu kwa maneno makali, ikawafanya wabadhirifu kuwa ni ndugu wa mashetani. Mtu akikopa ili apigwe picha, atakuwa akilipa deni ilhali albamu imo kabatini.

Kisha kubalianeni ni sehemu gani zitapigwa na zipi hazitapigwa. Nikaha ya msikitini ni jambo moja, picha ya maarusi na wazazi wao ni jambo la pili, na ukumbi wa wanawake ni jambo la tatu. Si lazima mwenye kutaka la kwanza atake na la tatu. Ziko nyumba ambazo hupiga bibi harusi na mama yake na dada zake katika chumba kabla ya wageni kuja, kisha kamera ikafungwa. Picha zikapatikana, na wageni wakastirika.

Maswali ya kumuuliza mpiga picha

Mkisha kukubaliana, mwiteni mpiga picha mumuulize haya. Na kila swali mtake jibu la wazi. Akisema, "Usijali mama, mambo yote yako salama," hilo si jibu, hiyo ni dua.

*La kwanza: Nani khasa atakayekuja?* Muulizeni kwa majina. Je, ni yeye mwenyewe mliyeona kazi yake, au atampeleka mwingine kwa kuwa siku ile ana harusi mbili? Ana wasaidizi wangapi? Nani atakayebeba taa, na nani atakayefunga nyaya? Siku hizi wako katika miji yetu wanawake waliojifunza kazi hii wakaijua vizuri, na ukumbi wa wanawake haufai mwingine. Lakini haitoshi mwenye kamera kuwa mwanamke, ikiwa nyuma yake amefuata kijana wa kiume mwenye taa, akasimama pembeni muda wa saa 3 akitazama.

*La pili: Nani atakayezitengeneza picha baadaye?* Hili ni swali ambalo karibu watu wote hulisahau, nalo ni zito kuliko la kwanza. Mwanamke hupiga picha usiku, na asubuhi akampelekea fundi wa kompyuta, naye ni mwanamume, azikate, azipange, azitie rangi na sauti. Fundi huyo atakaa na sura za wanawake wale siku nyingi, akizisimamisha na kuzikuza mbele ya macho yake, jambo ambalo hata mtu aliyeingia ukumbini asingaliliweza. Mlango wa mbele umefungwa kwa makufuli, na wa nyuma u wazi. Basi muulizeni: watengeneza mwenyewe? Ukimpa mtu, ni nani, na yuko wapi? Na albamu itapigwa chapa na nani?

*La tatu: Picha zitawekwa wapi, na kwa muda gani?* Picha haimo katika kamera tu. Imo katika kadi, kisha katika kompyuta, kisha pengine katika simu, na simu nyingi hupeleka nakala katika ghala za intaneti bila ya mwenyewe kukumbuka. Muulizeni kila mahali nakala itakapokuwapo. Na jueni kuwa kufuta si kuteketeza. Kuifuta picha katika kadi ni kama kulifuta jina la sura katika faharasa ya kitabu: kurasa zenyewe zimo bado, mpaka ziandikwe mengine juu yake, na mwenye ujuzi aweza kuzisoma. Kadi ile ikiuzwa au ikaazimwa, imekwenda na harusi yenu.

*La nne: Zikipotea itakuwaje?* Kama tuogopavyo picha kuenea, yatupasa tuogope pia kupotea, kwani wakati ule haurudi. Vidio ya siku hizi huchukua nafasi kubwa. Saa 1 ya vidio iliyo safi sana yaweza kuzidi gigabaiti 40. Ndiyo sababu wako wapiga picha ambao hufuta kadi ya Ijumaa ili waingie nayo harusi ya Jumamosi. Muulizeni: kamera yako yaandika katika kadi mbili kwa pamoja? Waweka nakala ya pili siku ile ile, mbali na ile ya kwanza? Kadi zetu hutazifuta mpaka sisi tupokee kazi yetu? Una kamera ya pili, na betri za kutosha, umeme ukikatika?

*La tano: Utazionyesha kwa nani?* Wapiga picha wengi wana karatasi ya masharti, na ndani yake huandika kuwa wana ruhusa ya kuzitumia picha katika kujitangaza. Watu hutia sahihi wasisome, kisha baada ya mwezi wakamwona binti yao katika Instagram au TikTok, akisifiwa urembo na watu wasiomjua. Semeni kwa ulimi na kwa maandishi: picha hizi hazitangazwi, wala haonyeshwi mteja mwingine kama mfano wa kazi. Ikiwa ataka mfano, apige nguo, na maua, na hina ya mkono, na meza ya halua.

*La sita: Mtarusha harusi moja kwa moja katika intaneti?* Jamaa walio mbali wana haki ya kufurahi, nasi hatukatai. Lakini kiungo apewacho shangazi wa Maskati chaweza kupelekwa kwa watu mia kwa kubonyeza mara moja, na atazamaye aweza kuikamata picha katika simu yake. Basi na irushwe nikaha, na hotuba yake, na dua yake. Ukumbi wa wanawake usirushwe kabisa. Watu huleta hoja ya kuwa tumeamrishwa kuitangaza nikaha. Ni kweli, tumeamrishwa. Lakini kuitangaza nikaha si kuwatangaza wanawake. Nikaha hutangazwa ili watu wajue kuwa fulani na fulani wameoana kwa halali, na khabari hiyo hukamilika bila ya kuonekana unywele wa mtu.

*La saba: Utarusha droni?* Chombo hiki kirukacho na kamera kimekuwa ni fahari ya harusi. Katika Kenya kina kanuni zake za mwaka 2020, na hakirushwi pasi na ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Na kabla ya serikali yako majirani. Nyumba za miji yetu ya kale zimebanana, na watu wana nyua na mapaa ya juu wanakoanika nguo na kupunga upepo. Sura ya An-Nur imetuamrisha tusiingie nyumba za wenzetu mpaka tubishe tutoe salamu. Jicho liingialo kwa juu halibishi hodi.

*La nane: Utakuwaje msikitini na wakati wa sala?* Wako wapiga picha ambao wakati wa nikaha hupanda juu ya viti, wakapita mbele ya wenye kusali sunna, na wakamwambia kadhi au khatibu arudie maneno kwa kuwa kamera haikuwa tayari. Ijabu na kabuli si mchezo wa senema. Na wengi hupanga kupiga maarusi ufuoni baina ya Alasiri na Magharibi kwa ajili ya jua zuri, mpaka Magharibi ikawapita. Andikeni saa za sala katika ratiba yake, naye ajue mapema.

*La tisa: Ujira ni kiasi gani, kwa kazi gani, na mtatupa lini?* Wanafunzi waliosoma Minhaj ya Imamu Nawawi wajua kuwa katika ijara sharti manfaa yajulikane na ujira ujulikane. "Nitawapiga vizuri, tutaelewana" si ijara, ni mlango wa ugomvi. Muulizeni: saa ngapi mpaka saa ngapi? Picha ngapi zilizotengenezwa? Albamu ngapi na kurasa ngapi? Vidio ya muda gani? Tukipitisha saa, twalipa nini? Nauli ya kuvuka kwenda Lamu au kufika Malindi ni juu ya nani? Na siku ya kukabidhi ni tarehe gani?

*La kumi: Arbuni itakuwaje harusi ikiahirishwa?* Hapa yafaa msomaji ajue kuwa pana khitilafu. Maimamu watatu, Abu Hanifa, Malik na Shafii, hawakuijuzisha arbuni ambayo mnunuzi akirudi nyuma humpotea. Imamu Ahmad aliijuzisha. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 8 huko Brunei mwaka 1993, iliijuzisha, na ijara pia, kwa sharti ya kuwekewa muda maalumu. Basi semeni mapema ni kauli gani mwaifuata. Nyumba ikifikwa na msiba, arbuni itarudi, au itahamishiwa tarehe nyingine? Na yeye mpiga picha asipokuja, atarudisha nini?

Yaandikwe

Majibu hayo yote yakisha kupatikana, yaandikwe. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, nayo ni ya 282 katika Sura ya Al-Baqara, imekuja kutufunza kuandika mambo ya deni yenye muda, likiwa dogo au kubwa, na kuweka mashahidi. Na ijara ya mpiga picha ina sehemu ya arbuni, na sehemu ya kulipwa baadaye, na kazi ya kukabidhiwa baada ya wiki nyingi. Nini kilicho karibu zaidi na aya hiyo kuliko hii? Karatasi yenyewe si lazima iwe ya wakili. Yaweza kuwa hivi:

"Mimi (jina) nimekubali kupiga picha na vidio harusi ya (jina), tarehe kadha, mahali kadha, tangu saa kadha hata saa kadha. Watakaoingia upande wa wanawake ni (majina), wote wanawake. Zitakazotengenezwa zitatengenezwa na (jina), naye ni mwanamke. Picha hazitaonyeshwa wala kutangazwa popote bila ya idhini ya maandishi. Nakala zitawekwa mahali kadha, na baada ya kukabidhi kazi nitazifuta zote siku ya tarehe kadha, nami nitakabidhi kadi zilizotumika upande wa wanawake. Ujira ni shilingi kadha. Arbuni shilingi kadha. Zilizobaki zitalipwa siku ya kukabidhi. Harusi ikiahirishwa, arbuni (itarudi au itahamishwa). Sahihi za pande mbili na mashahidi wawili."

Angalieni maneno ya kukabidhi kadi. Bei ya kadi moja au mbili ni ndogo mbele ya gharama za harusi; nunueni wenyewe, mumpe azitumie, kisha mzitwae. Kwa njia hii hamtahitaji kuuliza kama zimefutwa kweli.

Sheria ya nchi nayo iko upande wenu

Wako wadhanio kuwa haya ni mambo ya masheikh tu. La. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, imempa kila mtu haki ya faragha. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yaitia picha ya mtu katika khabari zake binafsi. Mwenye biashara akiitumia kwa kujitangaza sharti awe na ridhaa ya wazi, na ridhaa hiyo mtu aweza kuiondoa. Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data hupokea mashtaka. Mwezi wa Septemba 2023 ilitoza faini skuli moja shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto pasi na idhini ya wazazi, na mahali pa starehe palitozwa shilingi 1,850,000 kwa kutangaza picha ya mteja bila ya ridhaa yake. Basi mgeni wa harusi ana mahali pa kushtaki.

Lakini sheria hiyo haikuwekwa kwa mambo ya mtu binafsi na ya nyumbani mwake, na kwa hivyo simu ya mgeni mwenzenu haifikiki kwa wepesi. Mtamwandikia mpiga picha mkataba wa kurasa mbili, kisha wageni mia mbili wakaingia na kamera mia mbili mikononi? Nyumba nyingi siku hizi humweka mama mmoja mwenye heshima mlangoni, akapokea simu na kuzipa namba, au akaandika katika kadi ya mwaliko kuwa picha haziruhusiwi. Mwenye kufanya hivyo asione haya. Anawalinda wageni wake.

Haki za mpiga picha

Tusiwe watu wa kudai haki tusiotoa haki. Mpiga picha ni mwajiriwa, na Mtume ametuhimiza kumpa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Wako wapiga picha waliokabidhi kazi wakazungushwa miezi mitatu kwa ahadi za M-Pesa. Wako waliosimama tangu Adhuhuri hata usiku wa manane wasipewe hata sahani ya pilau, ilhali wageni wasioalikwa wamekula wakashiba. Mpeni chakula, mwonyesheni mahali pa kusali, msimwongezee kazi bila ya kumwongezea ujira, na siku ya kukabidhi mlipeni. Na msimlazimishe kupiga asilolitaka kwa dini yake. Akisema, "Hili sitalipiga," msimcheke. Huyo ndiye wa kuaminiwa zaidi kwa yale atakayoyapiga.

Shaka mbili na majibu yake

Wa kwanza asema: "Huyu mpiga picha ni mtoto wetu, amekulia mtaani kwetu. Kumwandikisha ni kumtukana." Twamjibu: aya iliyoamrisha kuandika haikusema tuwaandikie wageni tuwaache jamaa. Bali udugu ndio wenye haja zaidi ya maandishi, kwa kuwa mgeni mkigombana naye humwoni tena, na ndugu utakutana naye msikitini kila siku. Isitoshe, huenda yeye ni mwaminifu, na kompyuta yake ikaibiwa, au simu yake ikachezewa na mdogo wake. Karatasi haikuandikwa kwa kuwa yeye ni mwizi. Imeandikwa ili akumbuke kufuta.

Wa pili asema: "Mambo yameshaharibika. Kila mtu ana kamera. Kustiri mlango mmoja kutafaa nini?" Twamjibu: wewe hukukalifishwa kuwastiri wanawake wa mji mzima. Umekalifishwa wale uliowaalika, usiku mmoja, katika ukumbi mmoja. Na mwanamke mmoja aliyerudi kwake kwa heri, asiamke asubuhi akajiona katika simu ya shemeji yake, amepata haki yake kwako, na wewe umeifikisha amana yako.

Ya kudurusu

Wanafunzi wa darasa, na kila nyumba yenye harusi karibu, na wajiulize: Amana ya mgeni iko juu ya nani? Nani katika mji wetu apigaye, na nani atengenezaye? Je, picha za harusi tulizokwisha kuzifanya ziko wapi leo, na twaweza kuzitaka zifutwe? Swali hili la mwisho halikupitwa na wakati. Mwenye kuliona limemgusa, na apige simu kwa mpiga picha wake wa mwaka jana, amwombe kwa wema. Huenda zingali zipo, na huenda akamshukuru kwa kumkumbusha.

Mwenyezi Mungu azitie baraka ndoa za vijana wetu, azistiri nyumba zetu, na atujaalie tuwe wenye kuchunga amana. Wabillahi taufiki.